Siku nzima Ngome Kongwe: nilimpeleka mama mdogo, akanishinda kukesha

Besi ya Kukodi (mtoa uzi)

Wakuu salaam. Nimerudi Dar jana na boti ya jioni, nyayo bado zinawaka, na kabla sijasahau nataka niandike Jumamosi yangu ya Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar. Sitaandika kama magazetini, fulani alikonga nyoyo, fulani alitikisa. Mimi ni mpiga besi wa kukodi, harusi na kipaimara, na masikio yangu yamezoea kusikiliza huku chini ambako wengi hawafiki. Kwa hiyo huu ni uzi wa besi. Asiyependa besi apite kushoto.

Naandika kwa vipande, simu ina chaji asilimia 31 na umeme wa huku kwetu Tabata mnaujua.

Nilivuka na boti ya asubuhi. Kama saa mbili hivi baharini, kaskazi ikivuma, abiria nusu wanatapika nusu wanajipiga picha. Unguja nina mama mdogo, anakaa Jang'ombe tangu mimi niko chekechea. Kutoka kwake hadi Ngome Kongwe, linakofanyika tamasha, kwa miguu ni mwendo wa stori moja ndefu. Tamasha limeanza Februari 2004, na miaka yote hiyo hajawahi kuingia hata siku moja. Kila nikimuuliza jibu ni hilohilo: "Lile la wageni, mwanangu. Mimi nikitaka muziki naenda harusini."

Safari hii nilinunua tiketi mbili kabisa, nikamwekea mezani. Akaziangalia kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Kisha akaingia chumbani, akakaa muda mrefu, akatoka na baibui jipya na mkoba. Njiani akanisimamisha dukani, akabadilisha noti yake ya elfu kumi apewe za elfu moja moja. Nikajua ni za kununulia urojo. Kumbe.

Nyanya Chungu

Uzi bila picha ni kesi bila shahidi. Lakini endelea mkuu, nimeshakaa, kahawa iko jikoni.

Mtoto wa Kikwajuni

Mama yako mdogo kasema kweli, wala usimcheke. Sie wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, miaka mingi tunalisikia lile tamasha kutoka nje ya ukuta. Tiketi ya Mtanzania ni rahisi kuliko ya mgeni, hilo tunalijua, tatizo halikuwa pesa peke yake. Unaona mlango, unaona wanaoingia, unajiambia hapa si pangu. Mtu hahitaji kufukuzwa ili asiingie.

Besi ya Kukodi

Hujakosea, Kikwajuni. Nimeyaona hayo hayo kwa macho ya mama, nitafika huko.

Tuendelee. Saa nane mchana nilikuwa ndani, kwa sababu jamaa yangu mmoja alikuwa miongoni mwa wanaovuta nyaya. Wakuu, kama mnaupenda muziki, siku moja jitahidini muone watu wanapima mitambo. Jua liko utosini, uwanja mtupu, paka wawili kwenye kivuli, na fundi anasema kwenye maiki "moja, mbili, moja, mbili" kana kwamba hajawahi kufika tatu maishani. Mpiga ngoma anapiga kick, ile ngoma kubwa ya mguu, moja moja kwa dakika kumi. Spika ikipiga mluzi, wote wanaangalia juu kama kunguru kapita.

Tatizo la pale ni kuta. Ngome Kongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kutosha kuzuia mzinga. Waomani waliijenga baada ya Mreno kutimuliwa mwaka 1698, na hawakuwa na habari kwamba siku moja mtu atachomeka gitaa la besi pale. Ukipiga noti ya chini uwanja ukiwa mtupu, inakwenda hadi ukutani, inageuka, inakutana njiani na noti inayofuata, zinasalimiana, matokeo yake ni uji. Fundi akapunguza, akapunguza tena, mpiga besi akalalamika hajisikii. Fundi akamjibu, "Watu wakijaa itakaa sawa." Kwa sababu miili ya watu inanyonya sauti.

Spika Iliyopasuka

Mkuu hapo kwenye miili nakusahihisha kidogo, hii ndiyo kazi inayonilisha. Watu wanaovaa nguo wananyonya sana sauti za juu na za kati. Besi haiwajali, mawimbi yake ni marefu, yanawapita kama bahari inavyopita nguzo za gati. Kinachookoa pale Ngome ni kwamba hakuna paa. Besi nyingi inapaa angani inakwenda zake. Ingekuwa ukumbi wenye kuta zile na bati juu, mngekimbia.

Na fundi kusema "watu wakijaa itakaa" ni lugha yetu ya kumtuliza mwanamuziki. Usiitoe nje.

Besi ya Kukodi

Hahaha. Miaka kumi na tano nimetulizwa kwa sentensi hiyo na leo ndiyo najua. Sawa fundi, nimepokea.

Mtoto wa Kikwajuni

Mkiongelea zile kuta: kabla ya ngome palikuwa na kanisa la Wareno. Kwa Kireno kanisa ni *igreja*, na huko ndiko lilikotoka neno letu gereza. Na kweli baadaye pakawa gereza. Halafu mwanzoni mwa karne ya ishirini pakawa karakana ya reli ya Bububu. Kiwanja kile cha ngazi ngazi ni cha juzi tu, miaka ya tisini. Kwa hiyo pale muziki ndio mpangaji mgeni.

Nyanya Chungu

Nimeingia kusoma habari za tamasha nimekuta kanisa, jela na gari moshi. Na ndiyo maana sitoki humu.

Besi ya Kukodi

Kipande cha pili. Saa kumi na moja kasoro, milango imefunguliwa, na ndani hatuzidi sitini. Wengine wako hotelini wanaoga chumvi ya bahari. Mama kakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni kabisa, mkoba magotini, kama yuko kituo cha afya anasubiri kuitwa.

Wakapanda kidumbaki.

Kwa wasiojua, kidumbaki ni ndugu wa taarab aliyekulia uswahilini. Taarab ina udi, ganuni, akodiani, safu ya fidla. Kidumbaki kinabeba kile ambacho mtu mmoja anaweza kubeba kwenye baiskeli: fidla moja, ngoma mbili ndogo za udongo ambazo ndizo vidumbaki, mkwasa ambao ni vijiti vya kugonganisha, cherewa za vifuu vya nazi zilizotiwa mbegu, na sanduku. Ngoma zile zinaoteshwa moto kwanza ngozi ikaze, ukizipiga baridi zinasema "mbu" badala ya "ti".

Ngoja niseme habari za sanduku, ndiyo sababu ya mimi kuja.

Asili yake ni sanduku la chai, yale ya mbao nyepesi. Linageuzwa, linatobolewa, inapitishwa kamba moja tu, na ncha ya kamba imefungwa kwenye fimbo. Mpigaji anaegemeza fimbo, mkono mmoja unaivuta, mwingine unadunda kamba. Ukivuta, kamba inakaza, noti inapanda. Ukilegeza inashuka. Hakuna alama popote. Hakuna mahali palipoandikwa "weka kidole hapa". Mimi nina gitaa lenye vipande ishirini na kitu vya chuma vya kunionyesha noti ilipo, na bado nakosea nikichoka. Yule kijana, sidhani kama amefika miaka ishirini, alikuwa anaivuta ile fimbo huku anamwangalia mtu mwingine kabisa, anacheka, na kila noti inatua kwenye kiti chake. Mara moja tu aliteleza, akaipitisha noti juu kidogo, na badala ya kurudi haraka akaiburuta mpaka chini, polepole, ikawa kama alikusudia. Niliguna kwa sauti. Mzee wa fidla naye aligeuka akamwangalia. Walijuana.

Na fidla! Mzee anaipiga kama mtu anayefukuza kuku kutoka kwenye mchele. Hakuna utulivu wa taarab pale.

Fundi aliwawekea sanduku maiki moja tu, karibu na tundu. Uwanja mtupu, kuta zile zile. Na haikuwa uji. Sauti ya sanduku inakufa haraka, haina mkia mrefu kama gitaa la umeme, kwa hiyo ukuta haupati kitu cha kurudisha. Spika Iliyopasuka utanisahihisha tena.

Spika Iliyopasuka

Hapo uko sawasawa. Noti fupi haigombani na ukuta.

Pwani Tulivu

Nasoma nikiwa Mombasa, na nimeona wivu wa wazi. Huku kwetu mambo hayo yako harusini, chakacha na ngoma zake, vumi na chapuo, akina mama peke yao, mwanamume hapiti. Kumpata mtu ayapande jukwaani na maiki safi ni nadra. Kaka, hao sitini, wenyeji walikuwa wangapi?

Besi ya Kukodi

Ukiondoa wafanyakazi, niliwahesabu kama kumi na wawili. Mama akiwa mmoja. Na hili ndilo linaloniuma, Pwani. Saa nne usiku uwanja umefurika, mtu hana pa kuweka mguu, wanasubiri jina kubwa. Waliokuja kwa ajili ya jina kubwa wanajua nyimbo zake zote, wangeweza kuzisikiliza nyumbani. Kile ambacho hakipo kwenye simu ya mtu kilipita jua likiwa bado kali, mbele ya viti.

Tulipofika hapo nilimwangalia mama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza, lakini mkoba bado magotini.

Kisu cha Mkate

Mimi nitasema la moyoni. Hayo matamasha ya "muziki wa kweli" ni majivuno tu. Watu wanataka kuburudika. Singeli mtu mmoja na flashi yake yenye muziki uliorekodiwa anaamsha uwanja wa mpira mzima. Sanduku la chai litaamsha nani?

Besi ya Kukodi

Kisu, singeli sigombani nayo, watoto wangu wanacheza mpaka sahani zinadondoka. Lakini flashi ni flashi. Msanii akikohoa, wimbo unaendelea kuimba bila yeye. Nimesimama jukwaani nyuma ya msanii, gitaa langu halijachomekwa popote, nimeambiwa nitikise kichwa tu. Nililipwa. Nilirudi nyumbani sikumwambia mke wangu nilichofanya.

Hawa Busara sharti lao ni moja, kila kinachosikika kipigwe pale pale. Ndiyo maana wengine wakubwa hawaonekani pale, na wengine wakubwa wakija lazima wakae wiki mbili na bendi kujifunza nyimbo zao wenyewe. Sharti hilo lina gharama. Bendi ya watu kumi na mbili inahitaji tiketi kumi na mbili za ndege na vitanda kumi na viwili. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa pesa.

Nyanya Chungu

"Nimeambiwa nitikise kichwa tu." Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Besi ya Kukodi

Chaji 19. Nakimbia.

Magharibi. Adhana ikatoka huku, ikajibiwa kule, spika za jukwaani kimya. Tukatoka Forodhani. Mimi mishikaki na juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi, mama urojo, akaurudisha mara moja kwa sababu "huu maji". Pale bustanini nako kuna jukwaa lisilo na kiingilio, vijana wa Malindi na Shangani wamejaa, na nyuma yao Beit al-Ajaib linasikitisha tangu sehemu yake iporomoke Desemba 2020. Mama akaniambia alipokuwa msichana walikuwa wanapanga kukutana chini ya saa yake. Na nani, hakusema.

Saa mbili usiku, taarab ya asili. Safu mbili, wanaume suti nyeusi, ganuni katikati, fidla nne, udi, akodiani, dumbaki, na nyuma kabisa kaka yangu wa damu ambaye hanijui, mpiga besi ya kusimama.

Nitakuwa mkweli. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa safi, na zilikuwa zimekufa. Kila kitu kipo mahali pake. Watu wamekaa kimya kwa heshima, kama wako kanisani au wanasikiliza hotuba ya bajeti. Simu juu, zinarekodi. Wimbo ukiisha, makofi mazuri. Yule wa besi alikuwa anapiga noti mbili tu, hii na ile, hii na ile, uso kama mtu anayesubiri basi la Mwenge. Simlaumu, mimi mwenyewe harusini nikiona watu wanakula nafanya hivyo hivyo.

Mwimbaji akaanza wimbo wa tatu. Wa kulalamika, mtu kaachwa, kama kawaida. Ubeti wa pili ulipoingia nikasikia zipu ya mkoba.

Mama akasimama.

Hakuenda kwa haraka. Anayejua kutunza haendi kwa haraka. Alitoka pembeni kule, noti moja ya elfu imekunjwa kwa urefu kati ya vidole viwili, mkono juu kidogo, mabega yanakwenda na dumbaki na miguu kama haipo, hatua mbili mbele, anasimama, anageuka nusu, anausikiliza mstari, tena hatua mbili. Watu wakaanza kusogeza viti. Mkaka mmoja wa Kizungu mwenye kamera kubwa akashusha kamera, akampisha. Jukwaa la pale ni refu, mama ni mfupi. Akafika, akanyoosha mkono, haufiki. Mwimbaji akapiga goti ukingoni, akapokea noti bila kukata mstari, na ubeti ule akaurudia. Wote. Tangu mwanzo. Akimwangalia mama machoni kana kwamba aliyeachwa ni mama.

Na wakuu, besi ikatembea. Naapa. Yule kaka aliinua kichwa, akaachana na noti zake mbili, akaanza kushuka ngazi na kupanda, akampitia mpiga dumbaki, wakakutana, wakacheka. Ganuni ikaingilia. Bendi ile ile, wimbo ule ule, fundi hakugusa kitu.

Akatoka mama mwingine upande wa pili, shungi la zambarau, sijui alikuwa amejificha wapi muda wote ule. Kisha wawili pamoja wameshikana mikono. Noti zile za elfu moja moja za mama zote zilikwenda, na nyingine akanikopa.

Aliporudi kukaa, dada mmoja mgeni, Kiswahili cha darasani lakini adabu ipo, akamwinamia: "Samahani bibi, ni shilingi ngapi?"

Mama akamwambia, "Moyo wako tu, mwanangu."

Yule dada akaenda na elfu kumi, akiwa anatembea kama mtu anayekwenda benki. Akapigiwa vigelegele kuliko wote.

Pwani Tulivu

Ewallah! Nimelia hapa ofisini, namwambia bosi ni mafua.

Mtoto wa Kikwajuni

Haya. Nami nikiri kitu. Nilikuwepo Jumamosi ile, nilikaa nyuma, na mama yule nilimwona. Sikujua ni wako. Jirani yangu alisema, "Leo Jang'ombe wameingia."

Na ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwa sababu taarab hii tunayoivalia suti ilikuwa ya kasri, kwa Kiarabu, ya kumstarehesha Sultani. Aliyeileta barazani Ng'ambo kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini kuuza vyungu. Mwaka 1928 akavushwa mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri. Na Bi Kidude, aliyeimba mara ngapi sijui pale Ngome mpaka Mungu alipomchukua Aprili 2013, naye hakuwa wa kasrini. Sasa wajukuu wa wale wale wasimame nje ya ukuta, kwani nini?

Kisu cha Mkate

Sawa. Sanduku la chai nabaki na msimamo wangu, ila hii ya mama nimeikubali.

Besi ya Kukodi

Umeme umerudi, namalizia.

Baada ya taarab walipanda vijana wa mchiriku kutoka Dar. Hawa ni watu wangu wa uswahilini kabisa: kinanda kidogo cha Casio, kile kile cha kuchezea watoto, kimechomekwa mpaka kinalia kwa maumivu, ngoma juu yake, na mwimbaji anayezungumza kuliko anavyoimba. Besi hakuna. Kuna pengo pale ambapo mimi ningekaa, na ngoma inalijaza kwa nguvu tu. Mama alijiziba masikio kwa mikono yote miwili, huku kichwa kinakwenda. Nikamuuliza vipi. "Kelele. Waache waendelee."

Halafu saa nne na nusu wakaja Wagnawa kutoka Morocco, na hapa ndipo siku yangu ilipofunga mduara.

Mzee mmoja, kanzu ya rangi zote, amekaa chini na kitu kama kipande cha gogo lililochongwa, limevikwa ngozi ya ngamia, nyuzi tatu za utumbo. Gimbri. Vijana watano nyuma yake na vyuma mikononi, vinagongana kama pingu. Wagnawa asili yao ni watu waliovushwa jangwa kutoka kusini wakiwa watumwa, na ukisikia vile vyuma hauhitaji kuambiwa. Mzee anapiga besi na mkono huo huo unagonga ngozi, yaani yeye ni besi na ngoma kwa pamoja. Noti fupi, nzito, inakufa haraka. Nikamshika mama mkono. "Mama, sanduku!" Akasikiliza. "Ndiyo," akasema, "ila huyu wa kwake ana nyuzi mbili za ziada."

Kutoka saa kumi na moja mpaka saa nne na nusu, mbao nyepesi na kamba moja hadi gogo na nyuzi tatu. Kuta za Mreno na Mwomani hazikumrudishia mtu uji.

Kanzu Nyeupe

Nawasomeni nikiwa Maskati, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Ndugu mtoa uzi, njoo huku siku moja. Kuna ngoma inaitwa lewa, zumari mbele, watu wanazunguka duara, na maneno mengine wanayoyaimba ni Kiswahili ambacho waimbaji wenyewe hawakijui maana tena. Ngoma yao kubwa ya kusimama jina lake ni lile lile letu, msondo, wamelipinda kidogo tu mdomoni. Na kuna nyingine, mtu anavaa mkanda umeshonewa kwato za mbuzi kiunoni, akitikisa nyonga ndiyo cherewa yake. Mara ya kwanza kuiona nilisimama barabarani nikasahau nilikuwa natafuta duka la dawa.

Besi ya Kukodi

Kanzu Nyeupe, umeniongezea safari. Hela sina lakini safari nimeiandika.

Jina kubwa la kufunga lilipanda karibu na saa sita. Uwanja unapumua kwa pamoja, mimi niko nyuma nimeegemea ukuta, bendi nzuri, mpiga besi ana nyuzi tano na anazitumia zote kila mara. Sina la kusema zaidi, wengine wataandika. Nilifumba macho kidogo tu nisikilize vizuri.

Nikashtuka natikiswa bega. "We mtoto, amka. Wanakunja nyaya."

Saa saba na robo. Mama hakusinzia hata dakika. Alikuwa ameshakaa na yule dada wa elfu kumi, wamepeana namba za simu, na kamfundisha kujifunga mtandio. Tulirudi kwa miguu kupitia Mkunazini na Darajani, mitaa mitupu, mimi nachechemea, yeye yuko mbele. Nikamuuliza, basi mama, umelionaje tamasha la wageni?

Akafikiri mpaka tukavuka barabara.

"Harusi ilikuwa nzuri. Ila bwana harusi sikumwona."

Nyanya Chungu

Uzi ufungwe. Hapana, usifungwe, nina swali. Yule kijana wa sanduku anakodishwa? Dada yangu anaolewa Kigamboni mwezi wa sita, na nimechoka na madijei.

Kisu cha Mkate

Nyanya umeharibika haraka hivyo?

Besi ya Kukodi

Njoo inboksi, Nyanya, nina njia ya kumfikia, ila boti na chakula juu yenu, na sanduku halikai kwenye buti ya bajaji. Ila kuna jambo: nimempigia mama sasa hivi kumwambia watu wanamsoma, na badala ya kufurahi kaniuliza, "Yule mtoto wa sanduku, ni wa nani?"

Mtoto wa Kikwajuni

Mwambie ni mjukuu wa yule mzee wa Kwahani aliyekuwa akipiga sanduku kwenye harusi za Jang'ombe zamani. Kwa umri wa mama yako, huenda alimpigia hata yake.

Besi ya Kukodi

Nimemwambia. Kanyamaza. Kisha kacheka peke yake. Kisha kaniambia salio linaisha, na aliyepiga ni mimi.